Spika za zamani: tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Ami yangu alizinunua spika hizi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni pea ya Kiingereza, kila moja ina wufa ya inchi 8, yaani spika ya sauti nzito, na twita moja, ile ndogo ya sauti nyembamba, na sanduku limezibwa pande zote, halina tundu la upepo. Zilikaa chumba cha juu, Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, zaidi ya miaka thelathini, na taarabu mimi nimeijulia hapo. Ganuni ikipigwa, ulikuwa unasikia kwanza mguso wa kidole kwenye uzi, halafu ndio mlio wenyewe.

Zilipofika kwangu zilikuwa zinakoroma, moja haitoi sauti nyembamba, na masanduku yamefura kwa unyevu. Kila aliyeziona alinipa ushauri mmoja: toa vilivyomo, tia wufa mpya zenye nguvu. Sikukubali, na hadi leo simshauri mtu hivyo. Spika nyingi za umri ule hazijafa. Zinaumwa maradhi matatu manne yanayojulikana, na huku visiwani hewa ya chumvi na unyevu wa masika huyaleta mapema. Ukibadilisha wufa kabla hujajua kosa liko wapi, utabaki na sanduku la spika yako na sauti ya spika ya mtu mwengine.

Sharti langu ni moja tu kabla ya kushika bisibisi: usizifungue zote mbili pamoja. Tengeneza moja, nyengine iache kama ilivyo, hata kama nayo ni mbovu. Hiyo ndiyo shahidi wako. Sikio halikumbuki sauti ya jana. Baada ya kazi ya siku mbili utaipenda sauti yoyote itakayotoka, kwa sababu umeitolea jasho. Shahidi akiwepo, unaweka amplifaya kwenye mono (sauti ile ile kwa spika zote mbili), unapiga wimbo mmoja, unazungusha kitufe cha kushoto na kulia, na tofauti unaisikia hapo hapo.

Jengine la kufanya bado skrubu hazijaguswa: hamisha waya wa kushoto uende kulia, na wa kulia uende kushoto. Kosa likihama, ubovu uko kwenye amplifaya, kwenye waya au kwenye kilicho nyuma yake. Likibaki kwenye spika ile ile, hapo fungua. Nimeshaletewa spika kutoka Bububu mpaka mjini, kwa gari ya kukodi, na ugonjwa ulikuwa ni swichi chafu ya amplifaya iliyobaki nyumbani.

Besi imepotea, au wufa inakoroma

Toa kitambaa cha mbele na utazame ukingo unaoizunguka koni, yaani karatasi ya wufa inayosukuma hewa. Kama ni wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole, kwa upole. Nilipougusa wa kwangu, kidole kiliingia ndani kama kwenye halua ya siku nyingi, na kilipotoka kilikuwa na uji mweusi unaonata kama ulimbo. Ilibidi ninawe kwa mafuta ya taa. Kipande chengine, upande wa juu, kilikuwa kikavu, kikamwagika vumbi. Sponji ya namna hii huoza yenyewe, ipigwe au isipigwe. Kwenye nchi kavu na baridi huweza kufika miaka ishirini, na penye joto na unyevu huwahi. Ukingo ukishaoza, koni haina kinachoishika katikati, koili yake, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwaruza sumaku, na hapo ndipo mkoromo unapotokea.

Sponji hubadilishwa, na wufa inabaki ile ile. Pima kipenyo cha koni, kipenyo cha fremu na upana wa mviringo wa ukingo, uagize uliolingana. Mimi niliagizia Kariakoo kwa mtu anayevuka na boti. Usikubali kupewa ukingo wa mpira mzito kwa kuambiwa kwamba unadumu. Ni kweli unadumu, lakini unaikaza koni na kubadilisha jinsi inavyotembea, na besi utakayopata si ile uliyokuwa nayo. Palipokuwa na sponji rudisha sponji, palipokuwa na mpira rudisha mpira.

Kazi ndefu ni kusafisha gundi ya zamani. Tumia spiriti na kijiti cha mti, si kisu, maana koni ni karatasi. Mimi ilinichukua alasiri nzima kwa wufa moja, na ukiona umemaliza kwa nusu saa basi hujamaliza. Ukingo mpya unagandishwa kwanza kwenye koni kwa gundi nyeupe inayokauka ikawa wazi, unaachwa ushike vizuri, halafu ndio unashikishwa kwenye fremu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Koni lazima ikae katikati barabara wakati gundi ya fremu inakauka. Kuna wanaokata kofia ya katikati na kupachika vipande vya plastiki kuizunguka koili. Mimi sipendi kuikata kofia. Ninaiunganisha wufa na amplifaya, napiga sauti ya hezi 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) kutoka kwenye simu, chini sana, koni isogee milimita moja au mbili tu, na koili inajitafutia katikati yake yenyewe. Kisha naibonyeza koni kwa vidole vya mikono miwili huku nimetega sikio karibu. Kukiwa na mkwaruzo, hata mdogo kama wa karatasi juu ya karatasi, nasogeza ukingo kabla gundi haijashika. Baada ya hapo ni saa 24 bila kuigusa. Wakati wa masika mimi huacha siku mbili.

Na ikiwa ukingo ni mzima lakini besi haipo? Tafuta hewa inapovuja. Spika zilizozibwa zina asili yake: Mmarekani Edgar Villchur alipotoa spika yake ya AR-1 mwaka 1954, alichokifanya ni kuiachia hewa iliyofungwa ndani ya sanduku iwe springi ya koni. Kwa hiyo ufa kwenye sanduku ni sawa na springi iliyokatika. Bonyeza koni taratibu, kisha iachie. Sanduku likiwa limeziba, koni hurudi polepole kama mtu anayeshusha pumzi. Ikirudi kwa kuruka, hewa ina njia. Kuitafuta njia hiyo mimi natumia kijiti cha ubani: napiga besi, napitisha moshi kwenye maungio, nyuma kwenye vishikio vya waya, na kwenye fremu ya wufa. Unapotikisika, ndipo panapovuja. Kwangu ilikuwa nyuma, chini ya bamba la plastiki la waya, ambapo sponji ya kuzibia nayo ilikuwa imeoza.

Spika zenye tundu la upepo zina ugonjwa wao mwengine. Ndugu mmoja wa Wete aliniletea moja iliyokuwa ikipuliza kama mtu mwenye mafua. Nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo ndani ya tundu. Ziba kwa wavu mwepesi.

Twita imenyamaza

Chomoa waya mmoja wa twita na upime kwa mita. Twita ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) husoma karibu 6, kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya peke yake. Ikisoma 6 ni nzima, kosa liko kabla yake. Isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika.

Kinachounguza twita mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyokamuliwa, kuliko kubwa iliyotumiwa kwa adabu. Amplifaya ikifika mwisho wa nguvu yake, mawimbi hukatwa vichwa, na vichwa vilivyokatwa huzaa sauti nyembamba nyingi ambazo zote zinaishia kwenye twita. Kwetu liko jambo la kuongeza. Amplifaya nyingi za zamani nguvu yake hufuata volti ya ukutani, kwa hiyo usiku wa harusi umeme ukiwa mdogo, mwisho ule unafika mapema kuliko ulivyozoea, na mkono umeshazungusha kitufe pale pale pa siku zote.

Kama twita ni nzima ila imefifia, na ni ya namna inayotiwa mafuta yenye sumaku kwenye pengo la koili, mafuta hayo huenda yamekuwa gundi. Husafishwa na kutiwa mapya, kwa kipimo kile kile. Usibahatishe kwa mafuta ya cherehani.

Sauti imekuwa nzito, kama inatoka nyuma ya pazia

Zikiwa zote mbili zimekuwa hivyo, kidogo kidogo, kwa miaka, mtuhumiwa ni kapasita za krosova. Hili ningependa ulielewe vizuri, kwa sababu ndipo spika ya zamani inapoweza kurudishiwa uhai kwa pesa kidogo, na ndipo inapoweza kupotezewa sauti yake pia.

Krosova ni kile kibao cha ndani kinachogawa sauti, nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita. Kapasita iliyo mbele ya twita, kifaa kidogo kinachopitisha sauti nyembamba na kuzuia nzito, ndiyo mlinzi wa mlango. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 6.8 inaanza kufungua mlango karibu na hezi 2,900. Ile ya ami ilikuwa imeandikwa 6.8, nikaipima ikasoma 9.1. Kwa hesabu hiyo hiyo mlango umeshuka hadi karibu hezi 2,200, yaani twita inabebeshwa sauti ambazo hazikuwa mzigo wake. Na wakati huo huo ukinzani wa ndani wa kapasita umepanda, kwa hiyo hata zile sauti zake halali zinafika dhaifu. Kwa hivyo fidla ilikuwa inasikika kubwa na butu, badala ya kali na nyembamba.

Kapasita za krosova ni zile zisizo na upande wa chanya wala hasi. Usitie ya redio ya kawaida yenye alama ya hasi, haikai. Ukitaka kurudisha sauti ya zamani kama ilivyokuwa, tia mpya za aina ile ile ya kimiminika (elektrolitiki), bei yake ndogo. Ukitaka zidumu, tia za filamu ya plastiki. Hizo hazikauki, na mimi ndizo nilizozichagua, kwa sababu sitaki kurudi ndani ya sanduku kila muongo. Lakini za filamu karibu hazina ukinzani wa ndani. Mtengenezaji wa zamani alipima spika yake na kapasita zenye ukinzani, akapatanisha twita na wufa akiwa nao. Ukiuondoa, twita inapanda. Nilipomaliza ya kwanza, mwimbaji alikuwa anatoa "s" kama chuma kwenye jiwe. Nikatia rizista, kifaa cha kuongeza ukinzani, ya nusu omu, ya wati 10, mfululizo na kapasita, na ukali ukaisha. Bila ya shahidi upande wa pili ningeusifu ukali ule kwa wiki nzima nikidhani ni usafi wa sauti.

Ukiwa umeshafika kwenye kibao, kuna marekebisho mawili ninayoyaunga mkono. Koili za kibao zikiwa zimelala sambamba zimekaribiana, zitenganishe, na moja uisimamishe pembemraba na mwenzake ili zisisikilizane. Na kibao chenyewe kisogeze mbali na sumaku ya wufa. Thamani za koili usizibadilishe. Waya wa shaba hauzeeki kama kapasita, unachokikuta kibovu ni maungio yake tu.

Inakatika na kurudi, inachakacha

Chumvi. Tazama vishikio vya waya nyuma: kukiwa na kutu ya kijani, umefika. Kata waya mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Kama weusi umeingia ndani ya plastiki kwa urefu mkubwa, tupa waya wote. Vishikio visugue kwa msasa laini, kisha spiriti. Nyumbani tumezoea kung'arisha shaba kwa ndimu, na milangoni inapendeza, lakini huku usitie: asidi inayobaki itakula chuma tena baada ya mwezi. Maungio ya lehemu yaliyofifia na kuwa ya kijivu yayeyushe upya na uongeze lehemu kidogo.

Mvumo wa kudumu, hata muziki ukiwa umezimwa, si ugonjwa wa spika. Ni wa amplifaya au wa waya wa ardhini.

Besi nyembamba baada ya matengenezo

Hii ni ya mtu aliyekwisha maliza kazi, akakaa kusikiliza, na moyo ukashuka. Mwimbaji hayuko popote, besi imekimbia. Karibu kila mara ni wufa moja imeunganishwa kinyume, hii inatoka mbele wakati ile inarudi nyuma. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye wufa, kwa sekunde moja. Koni inatakiwa isogee mbele. Usifanye hivi kwenye twita. Na twita usiigeuze kwa kudhani mtengenezaji alikosea, maana krosova nyingi huunganisha twita kinyume kwa makusudi. Piga picha kabla ya kuchomoa waya wowote, na uandike rangi.

Noti moja inavuma kupita nyengine zote

Kwa spika za ami, jambo hili lilinipotezea miezi miwili. Besi ikifika noti fulani, chumba kizima kilikuwa kinanguruma. Nilifungua, nikaongeza pamba, nikaziba, nikafungua tena. Siku nilipozihamishia nyumbani kwetu Mwanakwerekwe, mvumo ulibaki Kiponda.

Nyumba za Mji Mkongwe dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Kwa hiyo vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita tatu au zaidi kidogo, na kuta zake ni mawe na chokaa, nene, zinarudisha sauti. Katika hewa yetu ya joto sauti huenda karibu mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya upana, yaani 6, unapata hezi 58. Hapo ndipo chumba cha mita tatu kinapojiimbia chenyewe, jirani kabisa na uzi wa A wa besi kubwa, ambao ni hezi 55. Hakuna kapasita itakayoliondoa hilo. Zitoe spika pembeni, zipe nusu mita kutoka ukutani, geuza upande zinakotazama, tia godoro na kabati la nguo ukutani mkabala. Busati na mapazia yanapunguza mwangwi wa sauti za juu, besi hayaiwezi.

Sanduku limefura, au limeliwa

Chipbodi iliyonywa maji hairudi. Ikibonyea kwa ukucha, jenga sanduku jipya. Mchwa akishaingia, usijadiliane naye.

Hapa ndipo hamu ya kubuni inapomchukua mtu, nami naielewa, lakini ujazo wa ndani usiuguse. Wufa na sanduku ni mke na mume. Mwaustralia Neville Thiele aliliweka jambo hilo kwenye hesabu mwaka 1961, na Richard Small akaliendeleza miaka ya 1970. Masanduku ya ami yana sentimita 46 kwa 24 kwa 22 kwa ndani, karibu lita 24. Mbao za zamani zilikuwa milimita 15, mimi nikatumia plaiwudi ya milimita 18 yenye gundi isiyoogopa maji, kwa hiyo kwa nje kila kipimo kimeongezeka milimita 6 na ndani pamebaki vile vile. Usitoboe tundu la upepo ati upate besi zaidi. Wufa iliyotengenezwa kwa springi ya hewa, ukiifungulia hewa, inatapatapa. Ubao wa mbele usiupanue, na twita iache umbali ule ule na wufa, kwani krosova ilipimwa kwa sura ile.

Uhuru ulio nao ni kwengine. Tia mwamba mmoja ndani kati ya ubavu na ubavu, sanduku lisitetemeke, na kile unachokiongeza ukitoe kwenye hesabu ya ujazo. Paka vanishi ndani na nje, hasa kwenye ncha za plaiwudi. Weka juu ya viti vya chuma, si sakafuni. Kwa kujaza, nilijaribu usufi wa godoro la zamani. Unanyonya sauti vizuri, lakini baada ya muda unashuka na kujikusanya chini, nikarudi kwenye pamba ya mito ya polyesta, kwa uzito ule ule nilioutoa.

Mwimbaji hasimami katikati

Spika ya kwanza ikishaipita ya pili kwa namna ambayo kila mtu nyumbani anaisikia, sasa shahidi naye aingie mezani, kwa vifaa vya aina moja na kipimo kimoja. Zikiwa tayari zote mbili, rudisha amplifaya kwenye mono, kaa katikati, upige sauti ya mtu mmoja anayeimba bila ya vyombo vingi. Asimame katikati ya spika mbili, padogo, kama yuko mlangoni. Akielemea upande mmoja kwa sauti zote, rekebisha kitufe cha amplifaya. Akielemea kwa sauti za juu tu, twita mbili hazijalingana: pima kapasita zote mbili, na utafute zinazokaribiana, tofauti isizidi asilimia mbili au tatu.

Zangu zilielemea kushoto kwa mwezi mzima, sauti za juu peke yake. Kapasita zilikuwa sawa. Nilipofungua nikakuta kulia nimetia rizista ya omu moja, kushoto ya nusu omu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.